DAMU YA KUKU WAKO YASEMAJE?

Ndugu mkulima, leo jioni kuku wako wakiisha kupanda kulala, mshike mmoja taratibu umpapase kifua. Ukiona mfupa wa katikati umechongoka kama makali ya panga, wajua kuku huyo amekonda. Ukikuta nyama imejaa pande zote mbili, na kilemba chake ni chekundu, na macho yanang'aa, utasema kuku huyu ni mzima, nawe utamrudisha katika tundu lake.

Kipimo hicho cha mkono na jicho ni kizuri, wala hatusemi ukiache. Lakini kina kasoro moja: kinachelewa. Kuku akipungukiwa na chakula cha kujenga mwili, au ini lake likianza kuharibika, damu huweza kubadilika kabla wewe hujaona kwa mkono kwamba kifua kimekonda. Ndiyo sababu Bwana Mifugo mara nyingine humlaza kuku ubavu, akafunua bawa lake, akachukua damu kidogo kuipeleka maabara. Karatasi ikirudi huwa imeandikwa jumla ya protini, na albumini, na tarakimu kando yake. Mwenye kuku huitazama karatasi hiyo asijue kama tarakimu hizo ni habari njema au mbaya. Basi mwezi huu tutaeleza namna ya kuisoma, kwa ajili yenu mlio katika skimu za Hola na Bura na vijiji vinavyozunguka Garsen, ambako kuku wengi ni mali ya akina mama, nao ndio hupata hasara kwanza kundi likidhoofika.

Damu ya kuku ikitiwa katika kichupa chenye dawa ya kuizuia isigande, kisha ikaachwa itulie, ile nyekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Kwa kuku mzima ile nyekundu ni sehemu 22 hadi 35 katika kila sehemu 100, na iliyobaki ni maji hayo. Ndani ya maji hayo ya damu ndimo zilimo protini tunazozisema. Ziko za namna mbili kubwa. Albumini huzuia maji yasivuje kutoka katika mishipa, tena huchukua vitu vingi kuvipeleka viungoni, nayo hutengenezwa na ini. Globulini ni kundi kubwa lenye kazi nyingi, na baadhi yake ndizo askari wa mwili wanaopigana na maradhi.

Katika kuku mzima aliyekua, lita moja ya maji ya damu huwa na protini gramu 33 hadi 55. Karatasi nyingine huandika 3.3 hadi 5.5, kwa sababu zinahesabu kwa sehemu ya kumi ya lita. Ni hesabu ile ile, usishtuke. Katika hizo, albumini ni gramu 13 hadi 28. Vitabu havilingani sawasawa juu ya mipaka hii, na kila maabara ina mashine yake, kwa hiyo tazama kwanza kipimo cha kawaida kilichochapwa pembeni ya karatasi yenyewe. Wala usilinganishe na karatasi ya hospitali. Mtu mzima huwa na gramu 60 hadi 80 katika lita, na ng'ombe yu karibu na hapo. Ukimpima kuku kwa kipimo cha mtu utadhani kuku wote wa Mto Tana wanakufa kwa njaa.

Vifaranga nao wana kipimo chao. Damu ya kifaranga ina protini chache kuliko ya mama yake, nayo huongezeka kadiri anavyokua. Kifaranga wa majuma matatu akionekana na gramu 28, hilo peke yake si ugonjwa.

KUKU ANAYETAGA

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukosea. Kuku anayetaga hana damu kama ya jogoo. Siku chache kabla ya kuanza kutaga, ini lake hupata amri ya kutengeneza protini na mafuta ya kiini cha yai, na vitu hivyo vyote husafiri katika damu mpaka kwenye mayai machanga tumboni. Kwa hiyo protini ya damu yake hupanda, mara nyingine kupita ile 55, na maji ya damu yake huweza kuwa meupe kama yametiwa maziwa. Mtu asiyejua atasema ana maradhi. Hana maradhi, ana mayai.

Fikiri kazi anayoifanya kuku huyu. Kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu ana damu ya mililita 100 hivi, nayo maji ya damu yake ni kama mililita 70. Ukipiga hesabu, protini iliyomo katika maji hayo yote kwa wakati mmoja ni gramu 3 na kidogo. Na yai lake moja dogo lina protini ya gramu 5 hivi. Maana yake, kila yai unaloliokota lina protini nyingi kuliko iliyomo katika maji yote ya damu ya kuku aliyelitaga. Ni lazima ajaze na kujaza tena, mchana na usiku.

Anaijaza kwa nini? Kama umemtupia mahindi matupu, gramu 80 kwa siku, amepata protini ya gramu 7 hivi kwa jumla. Si yote inayofyonzwa, tena protini ya mahindi ina upungufu wa baadhi ya viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Katika hiyo anatakiwa kula yeye mwenyewe, kuotesha manyoya, kisha kutoa gramu 5 za yai. Haiwezekani. Mwanzo huchukua nyama ya kifua chake mwenyewe, na hapo ndipo unapoanza kuugusa ule mfupa. Halafu huacha kutaga, nawe unasema kuku huyu amezeeka, unamchinja. Kumbe labda hakuzeeka.

KIU HUDANGANYA

Garsen ni mahali pa joto, nanyi mnajua. Kuku hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na katika jua kali hunywa zaidi. Akikosa maji nusu siku tu, damu yake hukazana kama mchuzi uliosahauliwa motoni: maji yamepungua lakini chumvi ni ile ile. Kipimo cha protini kitapanda, wala hakuna protini iliyoongezeka.

Hatari yenyewe ni hii. Chukua kuku mwenye minyoo mingi, ambaye protini yake kwa kweli imeshuka hadi gramu 30. Mtie katika kapu asubuhi, umpeleke kwa pikipiki mpaka mjini, akae juani akingoja mpaka saa saba bila tone la maji. Damu ikichukuliwa hapo yaweza kusomeka 36 au 38. Karatasi itasema ni kuku mzima! Utarudi nyumbani umefurahi, na baada ya majuma machache utaanza kuwazika wenzake. Kwa hiyo kabla ya kuchukuliwa damu, kuku na apewe maji safi kivulini, naye Bwana Mifugo aambiwe ukweli kama alikaa na kiu. Yeye ataangalia pia ile sehemu nyekundu, kwa maana kwa kawaida kiu huzipandisha zote mbili pamoja.

MAHINDI YENYE UKUNGU

Jambo hili tutalikalia zaidi kidogo, kwa kuwa katika bonde la Tana lina uzito wake. Mto ulifurika mwaka 1961, ukafurika 1997, ukafurika tena mwisho wa 2023 na katika Aprili na Mei 2024. Kila mafuriko yakipita, mahindi yaliyolowa huota ukungu wa kijani au wa manjano, na neno la kwanza linalosemwa ni, "Haya hayaliki, wapeni kuku."

Usiwape. Ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo hupiga ini. Tumesema albumini hutengenezwa na ini. Basi kuku akila sumu hiyo kidogo kidogo, ini hushindwa na kazi, na jumla ya protini pamoja na albumini hushuka katika damu. Kuku mkubwa ni mvumilivu kidogo kuliko bata, hivyo hataanguka mbele yako. Utaona mayai yamepungua, kilemba kimepauka, vifaranga hawakui, na ukiwachanja chanjo haishiki vizuri, kwa sababu hata askari wa damu hutengenezwa kwa protini na mwili huo umechoka. Ukimpasua, ini lake huwa limepauka rangi, la manjano.

Sumu hii ilijulikana kwa njia ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na watu hawakujua sababu, mpaka ilipoonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na ukungu. Na kwetu Kenya mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 katika hao walikufa. Kuyapika hakuondoi sumu, kuyaosha hakuiondoi yote, na kuyachanganya na mahindi mazuri ni kuharibu yale mazuri. Kuku aliyelishwa mahindi hayo, sumu kiasi huweza kubaki katika ini lake na kuingia katika mayai yake, ambayo wewe humpa mtoto.

Kuna kipimo cha kuyajua mahindi yaliyokauka, nacho hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, utie mahindi yajaze robo yake, utie na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, uzibe, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi hayo bado yana maji mengi mno, yarudishe juani juu ya turubai. Usiyaanike juu ya udongo mtupu, maana ukungu hutoka humo.

Mambo mengine yanayoshusha protini ya damu ni minyoo, kuhara damu kwa vifaranga, na wadudu wanaofyonza damu. Juu ya papasi wa kuku nasema neno moja tu: yeye hajifichi katika kuku, hujificha katika nyufa za tundu mchana na kutoka usiku. Ukimpaka kuku dawa ukaliacha tundu na nyufa zake, umefanya kazi bure.

PROTINI IKIPANDA KWA MARADHI

Yako maradhi ambayo hupandisha jumla ya protini, kwa sababu mwili unatengeneza askari wengi. Hapo albumini hushuka na globulini hupanda. Ukitazama jumla peke yake yaweza kuonekana ya kawaida, moja imepanda na nyingine imeshuka, zikafichana. Kwa hiyo usitosheke na mstari wa kwanza wa karatasi. Toa albumini katika jumla, uone kilichobaki ni kiasi gani.

Kwa maradhi ya kideri habari ni tofauti, kwa kuwa kideri kikali huua kabla hujapata nafasi ya kupima kitu. Ugonjwa huu ulipewa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulipoonekana mwaka 1926, na hapa Kenya ulijulikana kwanza mwaka 1935 katika pwani yetu, karibu na Mombasa. Hauna dawa. Una chanjo, na chanjo hiyo kazi yake ni kuufundisha mwili kutengeneza globulini za kideri kabla kideri hakijaja. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotayarishwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani. Hutiwa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na mdogo sawasawa, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Kuvumilia joto si kupenda joto. Ibebe katika chombo chenye baridi, usiiache juu ya dirisha la duka.

Globulini hizo huchukua kama majuma mawili kutosha, basi mchanje kuku kabla ya majira ambayo wewe mwenyewe unajua kideri hupita kijijini kwenu. Kuku aliyekwisha kuugua usimchanje. Na jambo hili nalo linapendeza kulijua: kuku aliyechanjwa huweka sehemu ya globulini zake katika kiini cha yai, na kifaranga huanguliwa nazo katika damu yake. Zinamlinda majuma mawili matatu hivi, halafu huisha, naye hubaki peke yake mpaka apate tone lake.

ULISHE NINI

Mahindi yana protini sehemu 9 tu katika 100, na kuku anayetaga anahitaji chakula chenye sehemu 16 hivi. Wengi wenu mna pumba za mpunga kutoka kinuni, lakini jihadhari. Pumba laini, ile inayotoka wakati mchele unapong'arishwa, ina protini sehemu 12 au 13. Makapi magumu ya nje hayana faida kwa kuku, nayo vinu vidogo vingi huyatoa yote pamoja katika gunia moja. Chukua konzi, pepeta, uone ni nini unachonunua.

Kunde na pojo zina protini sehemu 23 au 24, nazo hulimwa kando ya mto kila maji yanapopungua. Zilizovunjika au zilizotobolewa na wadudu, ambazo soko halizitaki, ni za kuku. Lakini zichemshe au zikaange kwanza, maana zikiwa mbichi zina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Zilizoota ukungu ni kama mahindi yale. Mashudu ya simsim yana 40 au zaidi. Dagaa wakavu wana 50 na zaidi, ila walio na chumvi nyingi waoshwe kwanza. Matumbo na vichwa vya kambare vilivyochemshwa vizuri havina gharama kwa mtu aliye karibu na mto.

Na mchwa. Jaza chungu kikuukuu samadi kavu na majani makavu, unyunyizie maji, ukifunike kichwa chini juu ya njia ya mchwa jioni, ukakifunue asubuhi mbele ya vifaranga. Hakuna chakula cha dukani kinachopita hicho kwa bei.

Lakini usizidishe. Kuku hawezi kuweka akiba ya protini kama anavyoweka mafuta. Inayozidi huivunja na kuitoa, nayo ndiyo ile sehemu nyeupe unayoiona juu ya kinyesi. Konzi moja ya dagaa waliopondwa ndani ya chakula cha kuku kumi yatosha. Wakipewa kilo nzima, fedha yako itakwenda katika kinyesi.

UKITAKA KUPIMA DAMU

Usiende na kuku mgonjwa peke yake. Mpelekee Bwana Mifugo, au afadhali mwite aje kwako, umwonyeshe kuku watatu walio dhaifu na watatu walio wazima, wote wa uwanja mmoja, wa umri mmoja, wanaokula chakula kimoja. Mipaka ya vitabu ilipimwa zaidi kwa kuku wa mabanda makubwa, walioshinda ndani wakila chakula cha gunia. Kuku wako huzunguka mchana kutwa katika migomba na miembe akitafuta mwenyewe. Kuku mzima wa uwanja wako ndiye kipimo cha haki cha mgonjwa wa uwanja wako. Wale wazima wakisoma 45 na dhaifu wakisoma 34, karatasi itasema wote wako ndani ya mipaka, lakini wewe na Bwana Mifugo mtajua ya kuwa kuna jambo.

Usiogope kwamba kuku atakufa kwa kutolewa damu. Mililita moja au mbili zinatosha, na kuku wa kilo moja na nusu aliye na nguvu zake huweza kutoa hata 15 bila kudhurika. Bwana Mifugo akiisha kutoa sindano, bonyeza mahali pale kwa kidole na pamba mpaka damu ikome. Kichupa kisitikiswe kwa nguvu, maana zile nyekundu hupasuka na kuharibu kipimo. Kikae kivulini, katika chombo chenye baridi, wala kisigusane na barafu yenyewe. Maabara za uchunguzi wa mifugo zilizo upande wetu ni ya Mariakani na ya Garissa, na ile kubwa iko Kabete. Safari ni ndefu, kwa hiyo panga siku na Bwana Mifugo kabla hujamshika kuku.

Juu ya karatasi inayofuatana na kichupa na yaandikwe haya: kuku ni jike au jogoo, umri wake, anataga au hatagi, na alitaga mara ya mwisho lini, alikunywa maji saa ngapi, anakula nini, alichanjwa lini na alipewa dawa ya minyoo lini. Anayesoma kipimo kule mbali hamwoni kuku wako. Bila maneno hayo, hawezi kujua kama ile 58 mbele yake ni kiu, ni ugonjwa, au ni yai la kesho.